Suware za Mchana katika Mize ya Rumonge

"Unanionea wivu wa nini?" Mwajuma aliniuliza hivyo mara moja tu, amesimama mlangoni mwa Mize na kitambaa cha kufutia taa begani, na mimi, ambaye chuoni niliwauliza walimu maswali mpaka wakatazama saa zao, sikupata neno la kuanzia. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kana kwamba nikimtajia kitu chenyewe atakivua anipe, yaishe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na maoni juu ya Mungu, juu ya jeshi, juu ya wanaume, juu ya nani ana haki ya kuandika historia ya nchi. Juu ya hilo sikuwa na kitu.

Mwezi uliopita habari ilivuka Ziwa Tanganyika kwamba amefariki Kigoma, alikokuwa akiishi tangu alipotuacha. Ndugu zake waliobaki huku walitandika mikeka uani kwa shangazi yake, katika mtaa wa Waswahili, na mimi nikashuka kutoka Bujumbura nikakaa matangani siku mbili. Siku hizi unapita Kabezi, unapita Muhuta, unasimama ukitaka kununua ndagala, dagaa wa ziwa letu, unafika Rumonge bila kukumbuka kwamba barabara hiyo iliwahi kufungwa kila alasiri. Nilikula wali wa matanga, nikaitikia dua. Wanawake walisimulia jinsi Mwajuma alivyokuwa akicheka, jinsi alivyopenda kusuka nywele za watoto wa watu, jinsi alivyokataa kuolewa na mtu wa Nyanza-Lac kwa sababu alitafuna huku anaongea. Walisimulia kila kitu isipokuwa Mize. Kila mazungumzo yalipokaribia huko, mmoja wao alinitupia jicho, akaomba chai. Adabu ile iliniuma kuliko maneno. Ndiyo maana naandika.

Mwaka nilipokutana na Mwajuma nilikuwa nimekiacha chuo kikuu katikati ya masomo, kama wengi wetu, kwa sababu mabweni hayakuwa tena mahali pa kulala. Nilifika Rumonge na begi moja la vitabu, nikiwa na hakika kwamba nitakaa mwezi mmoja. Kwenye milima iliyo juu ya mji watu walikuwa wakipigana. Wakazi wa huko walikuwa wameshuka wakajenga mahema kandokando ya mashamba ya michikichi, na mji ukabaki umebanwa, milima mgongoni, ziwa miguuni. Kazi haikuwepo. Aliyenipa kazi ni mzee tuliyemwita Mzee Kipa, kwa sababu ujanani aliidakia timu ya mji, na alipozeeka alikusanya kila kilichobaki cha michezo ya pwani yetu akakiweka katika ghala la zamani la mawese, karibu na bandari. Mlangoni aliandika kwa rangi nyeupe "Nyumba ya Makumbusho ya Michezo". Hakuna aliyelitumia jina hilo. Waliopita shule za Kifaransa waliita Mize, na sisi wote tukafuata.

Nataka nikieleze chumba hicho vizuri, kwa sababu sasa ni duka la simenti. Kilikuwa kirefu, kuta za matofali mazito, madirisha sita madogo juu karibu na dari. Siku za mvua kuta zilitoa jasho jekundu la mawese ya zamani, na harufu yake iliingia katika nguo mpaka ukaenda nayo msikitini. Ukutani kulitundikwa jezi kwenye waya, moja baada ya nyingine, kama nguo zilizoanikwa. Kulikuwa na mipira ya ngozi yenye kamba kama viatu, makasia ya mashindano ya mitumbwi, baiskeli iliyosemekana kushinda mbio za kutoka Bujumbura, vikombe vilivyoshika kutu, filimbi katika kisanduku cha kioo. Mwisho wa chumba Mzee alisimamisha goli zima, milingoti na nyavu, kwa vipimo vyake halisi. Picha zote zilikuwa na yeye ndani. Ile moja ambayo hakuonekana alieleza kwamba yeye ndiye aliyesimama nyuma ya mpiga picha akimshikia mwavuli.

Wakati wa vita hakuna aliyekuja kutazama mipira mikuukuu. Watu walikuja kukodi chumba. Nyua za nyumba hazikufaa tena kwa sherehe: risasi zilizopotea zilishuka kutoka milimani bila kuuliza, na mkusanyiko wa watu uani uliwavutia askari. Mize ilikuwa na kuta nene na karatasi ya ruhusa kutoka komini, ofisi ya serikali ya mji, ile tuliyoiita otorizasio. Kwa hiyo mahari zilitolewa pale, watoto walipewa majina pale, vikundi vya walimu na wafanyabiashara wa samaki vilifanya karamu pale. Ziliitwa suware, yaani sherehe za jioni, kwa sababu kabla ya vita sherehe ya heshima ilikuwa ya jioni, na watu hawakutaka kunyang'anywa hilo pia. Lakini saa kumi na moja kila mtu alitakiwa awe kwake. Basi tuliianza jioni saa nane mchana. Tulifunga madirisha sita kwa mablanketi ya kijivu, tukawasha karabai mbili, na wageni waliokuwa wakitokwa jasho la jua barabarani waliingia, wakaanza kusalimiana kwa sauti za chini, kama watu waliotoka kwao baada ya magharibi. Wanaume walivaa makoti. Nilimwona mama mmoja akimfunika mtoto kwa shali asipigwe na baridi ya usiku, na nje ilikuwa saa tisa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika. Mzee Kipa alitaka kila kitu kiwe na kikaratasi chake chenye jina la mwenyewe na habari zake, na mimi nilifanya kazi hiyo kama mtu anayeandika tasnifu. Niliwatafuta wachezaji wa zamani mmoja mmoja. Niliwauliza mara mbili, kwa siku tofauti, nikalinganisha. Baiskeli haikushinda mbio zozote. Ilikuwa ya katekista. Vikombe viwili vilinunuliwa sokoni. Pale ambapo sikupata ushahidi wa kuniridhisha niliandika neno moja, Haijulikani, na kufikia mwisho wa mwezi wangu wa tatu nusu ya Mize ilikuwa haijulikani. Nilijivunia sana. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo watu waliuana kwa sababu ya mambo waliyosikia bila kuyachunguza, na niliamini kwamba kuchunguza ndiyo dawa, hata kwa kasia.

Mwajuma alikuwa pale kabla yangu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuwasha karabai, na, suware ikishakolea, kuwatembeza wageni na tochi. Zoezi hilo alilibuni mwenyewe. Alipunguza karabai mpaka chumba kikawa giza, akawasha tochi, akamulika kitu kimoja tu, kiatu kwa mfano. Kisha akaanza kusimulia kwa Kiswahili chetu cha pwani, chenye Kirundi ndani na maneno ya Wakongo, aliyevaa kiatu hicho alikuwa mtu wa namna gani, alikula nini kabla ya mechi, mama yake alimwambia nini mlangoni. Watu wazima walimfuata wamekusanyika kama vifaranga. Vikaratasi vyangu havikuonekana gizani. Hakuvigusa, hakuvipinga, alipita juu yake tu na mwanga.

"Madamu Fakilte," aliniambia siku moja tukikunja mablanketi. Aliniita hivyo kwa sababu nilipenda kuanza sentensi kwa "kule fakilte", yaani chuo kikuu. "Ile kasia leo iko ya nani? Bado haijulikani?"

Nilimjibu kwamba heri kukiri hujui kuliko kuwadanganya watu.

"Mutu anakuja hapa na roho nzito," akasema, "mutoto wake hajui iko wapi, nyumba yake hajui kama iko bado, na weye unamupa haijulikani? Hiyo iko nayo nyumbani."

Akacheka, akanipiga begani na kona ya blanketi. Sikucheka. Nilikwenda nyumbani nikatengeneza majibu matatu mazuri sana, na kesho yake sikutumia hata moja, kwa sababu yeye alikuwa ameshasahau.

Kuna kitu kimoja ambacho mpaka leo nakikumbuka kwa uchungu kuliko vingine. Tulikuwa na suware ya mahari. Meza mbili zilipangwa zikitazamana, upande wa mume na upande wa mke, na mwisho mmoja wa chumba ulikuwa na lile goli la Mzee, kwa hiyo upande mmoja ulilazimika kukaa ndani ya nyavu. Wajomba wa binti walisimama mlangoni wakagoma. Mkubwa wao akasema, "Sisi tukae golini ili hawa watufunge?" Upande wa mume nao wakakataa kubadilishana, wakidai aliyealikwa hachagui. Mzee Kipa, kwa kujisikia ametukanwa, akatangaza kwamba yeye alisimama katika goli lile miaka kumi na mmoja na hakuna aliyefungwa aliyekufa. Saa ikaenda. Nilianza kueleza kwamba kukaa mahali hakuna maana yoyote isipokuwa ile tunayoipa. Mwajuma akanikata, akawaambia wajomba: kaeni golini kipindi cha kwanza, chai ikiletwa tunapuliza filimbi, mnabadilishana. Chumba kizima kikacheka. Na kweli, chai ilipoletwa, Mzee akaipuliza ile filimbi ya kwenye kisanduku, na watu wenye makoti wakanyanyua viti vyao, wakapishana katikati wakishikana mikono kama timu. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Familia zilizokuja kukodi ziliuliza wao wataanza upande gani. Iliniuma kwa sababu lilikuwa wazo zuri, na sikuwa na namna yoyote ya kulikosoa.

Nyuma ya chumba kulikuwa na stoo ndogo ambamo wageni walituletea chakula. Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ya wivu, kwani sahani zilikuja mbili na hazikuwa sawa. Ya Mwajuma ilikuwa na mukeke, samaki wa ziwa letu, mzima aliyechomwa, kichwa chake juu, mchicha wa lenga-lenga wenye mawese, ndizi laini. Yangu ilikuwa na wali na kipande cha mkia. Hakuna aliyepanga hivyo. Mikono ya akina mama ilipanga yenyewe. Mwajuma alikuwa akivunja samaki wake katikati na kunisukumia upande wenye mafuta bila kukatiza maneno, na mimi nilikula, na nilimchukia kwa kila tonge. Kupitia ubao wa mlango tulisikia wageni wakizungumza. Siku moja mwanamke mmoja aliuliza yule mwingine, mwembamba, anayeandika-andika, ni nani. Mwenzake akajibu kwamba ni wa kuhesabu vitu visiibiwe. Mwajuma aliinama akajifanya anatoa mwiba wa samaki. Nilimwona anacheka kwa mabega.

Baadaye Mzee Kipa alitutangazia kwamba baada ya mvua atavuka kwenda kwa binti yake, Uvira. Magoti yake yalikuwa yamechoka na vita. Mize, alisema, haiwezi kuwa na wakubwa wawili, kwa hiyo ufunguo atamwachia mmoja wetu, na mwingine atafanya kazi chini yake. Hakusema nani. Alitutazama kwa zamu kama anayesubiri penalti. Ninakiri kwamba nilikuwa nikiidharau Mize. Niliiona ni ghala la takataka na uongo, na nilihesabu siku za kurudi chuoni. Lakini tangu dakika ile niliutaka ufunguo ule kwa tamaa ambayo sijawahi kuitaka nayo digrii. Nilichotaka hasa ni kwamba asiupate yeye.

Aliyefuata kukodi alikuwa Mama Gode, mjane aliyeishi katika mahema. Mumewe alikuwa mkamuaji wa mawese. Mwaka mmoja kabla aliondoka kupeleka madumu Muhuta, na hakurudi, wala mwili wake haukupatikana. Muda wa kuganduka ulikuwa umefika, sherehe ile ya mwisho ya kuvua msiba, ambayo baada yake jambo la marehemu limefungwa na mjane yuko huru kwenda. Na Mama Gode alitaka kwenda. Dada yake alikuwa Kigoma na alishamtafutia chumba, yeye na watoto wake watatu. Bila kuganduka, watu wa mume wasingemwachia watoto wavuke. Tatizo lilikuwa moja. Wazee wa upande wa mume walitaka kitu kimoja cha marehemu kiwepo mbele ya watu, cha kukaa nacho na kukiaga, kwa vile kaburi hakuna. Na nyumba ilikuwa imeungua na kila kilichokuwemo. Haya yote niliyasikia nikiwa stoo, Mama Gode akimweleza Mwajuma kwa sauti ya chini. Siku mbili kabla ya suware Mwajuma alinituma komini kufuata otorizasio, nikakaa kwenye benchi mpaka alasiri. Nilikasirika kutumwa. Nilisema moyoni, ameshaanza kujiona ana ufunguo.

Siku yenyewe walikuja watu kama arobaini. Tulifunga madirisha, tukawasha karabai. Hakukuwa na filimbi wala kubadilishana upande. Mama Gode alikaa katikati na watoto wake. Mkubwa, Godelive, msichana wa miaka kumi hivi, alikuwa amevalishwa gauni la mtu mwingine, akawa anavuta mikono yake chini kila mara. Karoli, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyekuwa na neno. Kwetu hakuna anayesimama kusema katika shughuli kama hiyo bila kupewa neno na aliye nalo. Hata anayetaka kuomba maji huomba kwa mpangilio. Karoli alishukuru, akaeleza safari ya ndugu yake, akampa neno Mwajuma ili awaonyeshe watu kilichobaki cha marehemu.

Mwajuma akapunguza karabai. Tochi ikatua juu ya jezi ya kijani, namba sita, iliyolazwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Jezi ile niliifahamu kama mkono wangu. Ilikuwa miongoni mwa mafanikio yangu machache kamili: mwenyewe alikuwa Saidi, kiungo wa kati, nilimpata nikamhoji mara mbili, yuko hai, anauza nguo Uvira. Nilikuwa nimeibandikia kikaratasi kwa pini mbili. Kikaratasi hakikuwepo. Palikuwa na matundu manne madogo, na tochi iliyapita.

Mwajuma alisema marehemu alikuwa akija mazoezini amechelewa kila siku, kwa sababu hakuweza kuacha kinu katikati. Alikuja na mikono ya mawese. Alipopewa mpira arushe, ulimteleza, ukaangukia nyuma yake, na wenzake wakamcheka mpaka wakakaa chini, na yeye akacheka kuliko wote. Alikuwa mtu asiyejua kukasirika, akasema Mwajuma. Akirudi nyumbani alimshika mkewe mashavu kwa mikono ile ile, na mkewe akaenda kisimani na alama za vidole usoni bila kujua, akashangaa kwa nini wenzake wanacheka. Nilisikia watu wakicheka gizani, kicheko kile chenye machozi. Nikamtazama Mama Gode. Alikuwa ameinua uso wake kuelekea kwa Mwajuma, na juu ya uso ule kulikuwa na kitu ambacho kwa miezi minane ya vikaratasi hakuna mtu aliyewahi kunitazama nacho. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa.

Nimejaribu mara nyingi kujiambia kwamba nilisimama kwa ajili ya ukweli. Ningependa iwe hivyo. Lakini nakumbuka mwili wangu: nakumbuka joto shingoni, nakumbuka nikiwaza ufunguo, nakumbuka furaha.

"Samahani," nilisema. "Jezi hiyo si ya marehemu. Mwenyewe anaitwa Saidi, yuko hai, yuko Uvira."

Tochi haikutikisika. Karoli aligeuka polepole kunitafuta gizani.

"Mukobwa," akasema, kwa Kirundi kama mtu anavyomwita binti wa nyumbani kwake, "nani amekupa neno?"

Nilijibu kwamba ukweli haungoji kupewa neno. Sentensi hiyo niliipenda kwa muda wa kama pumzi tatu. Karoli alimuuliza Mwajuma kama nilichosema ni kweli, na Mwajuma, aliyekuwa na kisa cha kila kiatu na kila kasia, aligeuza tochi sakafuni. Alikuwa akimtazama Mama Gode, akingoja. Mama Gode akasimama. Akaikunja ile jezi taratibu, mikono ndani kwanza, kama mtu anavyokunja shati la mumewe, akairudisha juu ya kitambaa cheupe.

"Neno limesemwa mbele ya watu," Karoli akasema. "Halirudi. Leo hatufungi."

Walitoka kwa utaratibu, wazee kwanza. Vinywaji vilibaki mezani havijafunguliwa. Mlango ulipofunguliwa jua la saa tisa liliingia kwa nguvu mpaka katikati ya chumba, na kila kitu, karabai, mablanketi, sisi wenyewe, kikaonekana kilivyo. Mwajuma alipanda kiti akaanza kushusha mablanketi. Nilimwambia angeweza kunijulisha, tungetafuta njia nyingine. Nilimwambia alikosea kung'oa kikaratasi changu. Aliendelea kushusha. Mzee Kipa, ambaye muda wote alikuwa amekaa golini, alinijia akaniuliza kama jezi ni ya Saidi kweli. Nikasema ni ya Saidi. "Basi," akasema, akatoa ufunguo mfukoni akauweka juu ya meza, si mkononi mwangu, akaenda zake nyumbani. Ndipo Mwajuma alipoteremka, akatupa kitambaa begani, akafika mlangoni, akaniuliza lile swali. Alingoja jibu kwa uungwana. Lilipokosekana akasema murakoze, asante ya Kirundi, kama mteja aliyeambiwa bidhaa imekwisha, akaenda. Wiki mbili baadaye alipanda mtumbwi wa mashine wa kwenda Kigoma.

Nilikaa na ufunguo miezi mitano. Mize ilikuwa safi na sahihi. Hakuja mtu. Mahari zilirudi uani, chini ya risasi zilizopotea, na watu walionijia kuulizia chumba waliniuliza kwanza Mwajuma yuko wapi, kisha wakakumbuka wana shughuli nyingine. Niliendelea kuweka sahani mbili stoo kwa mazoea, nikapika wali, nikala ya kwangu. Hata hapo, na hili ni gumu kuliandika, sikuwa na majuto. Nilikuwa bado na wivu. Nilimwonea wivu kwa kuwa hayupo, kwa jinsi alivyoulizwa na kila mtu, kwa jinsi kimya chake kilivyokuwa na uzito kuliko vikaratasi vyangu mia moja na kitu. Chuo kilipofunguliwa nilimpelekea mpwa wa Mzee ufunguo, nikapanda gari la asubuhi. Nimekuwa mwalimu tangu wakati huo. Ninawafundisha wanafunzi kuuliza swali mara mbili kwa siku tofauti, na kulinganisha. Bado naamini ni kazi nzuri.

Siku ya pili ya matanga ya Mwajuma, tukiwa tunaosha sahani, mwanamke wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi chini ya kitenge alikaa karibu yangu, akachukua kitambaa, akaanza kukausha ninazomaliza. Aliniambia anaitwa Godelive. Nilimtambua kwa namna alivyovuta mkono wa nguo yake. Alisema mama yake bado yuko hai, na alimtuma aje kuhani kwa niaba yake, maana Mwajuma ndiye aliyewapokea Kigoma walipofanikiwa kuvuka, baada ya misimu mingine miwili ya mvua katika mahema. Hakulisema kwa kunishtaki. Nilimwambia nimebeba siku ile miaka yote, na kwamba kama Mwajuma asingemdanganya mama yake, pengine mimi nisingesimama. Aliweka sahani chini, akanitazama kwa mshangao, kama muuguzi anayegundua kwamba mgonjwa hakuwahi kuelezwa anaumwa nini. Kisha akanieleza kwamba hakuna aliyedanganywa. Baba yake hakucheza mpira hata siku moja. Ile siku niliyokuwa komini nikingoja otorizasio, mama yake alifika Mize akazishusha jezi kwenye waya, akazikumbatia moja baada ya nyingine, mpaka akafikia iliyomjaa mikononi kama mumewe alivyomjaa. Na aliyesimama nyuma yake muda wote huo, akimshikia karabai, alikuwa Karoli.